Taa za Karibu na Taa za Mbali: Historia ya Kuupima Ulimwengu kwa Nyota Zinazolipuka

Mtu atazamaye mbingu usiku huona mwanga, bali umbali hauoni. Nyota hafifu iliyo karibu na nyota kali iliyo mbali zaweza kulingana machoni pake, wala hakuna alama ya kumjulisha ipi ni ipi. Ndiyo maana, katika historia ya falaki, swali la umbali lilikuwa gumu kupita swali la mwendo. Safari za sayari zilihesabiwa vizuri karne nyingi kabla ya umbali wa nyota hata moja kupimwa. Jambo hilo la pili lilisubiri hadi mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoipima nyota iitwayo 61 Cygni. Makala haya yanafuatilia njia moja ya kulijibu swali hilo, yaani kuzitumia nyota zinazolipuka, pamoja na kazi ya kuziorodhesha galaksi iliyokuja kwenda sambamba nayo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba mlipuko wa mbali hausemi lolote mpaka milipuko ya karibu iwe imepimwa kwa uangalifu, na kwamba kazi hiyo ya karibu, iliyo msingi wa yote, imepewa heshima ndogo kuliko inavyostahili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na kila aliyekaa na taa ya mafuta anaijua. Taa ikiondolewa mbali mara mbili, mwanga unaofika machoni hupungua mara nne. Ikiondolewa mara tatu, hupungua mara tisa. Basi ajuaye nguvu ya taa yenyewe aweza kuukadiria umbali wake kwa kutazama jinsi ilivyofifia. Ugumu wote umo katika sharti la kwanza: kuijua nguvu ya taa ambayo hakuna aliyeikaribia. Atakayedhani karabai ni kibatari ataiweka karibu mno, na kosa lake halitaonekana katika hesabu, kwani hesabu itakwenda sawa hadi mwisho.

Jina la nyota hizi nalo lina historia. Tarehe 11 Novemba 1572, Tycho Brahe wa Denmark aliona katika kundinyota la Kasiopia nyota mahali ambapo hapakuwa na nyota. Iling'aa hata ikaonekana mchana, kisha ikafifia mwezi hata mwezi mpaka ikatoweka mwaka 1574. Brahe alipima mahali pake mara nyingi akakuta haisogei hata kidogo, akakata shauri kwamba iko mbali kupita mwezi, katika sehemu ile ya mbingu ambayo wafuasi wa Aristotle walifundisha kuwa haibadiliki kamwe. Katika kitabu chake cha 1573 aliiita kwa neno la Kilatini nova, maana yake "mpya". Wachina, ambao walikuwa wamekwisha kuandika habari za nyota kama hizo, pamoja na ile ya mwaka 1054, waliziita nyota wageni. Jina la Wachina lilikuwa na busara zaidi, kwa kuwa halikudai kujua kilichotokea. Nyota ya Brahe haikuwa mpya; ilikuwa nyota iliyokuwa inakufa. Kosa lilibaki ndani ya jina, likaingia katika neno supanova, na Kiswahili kimelipokea neno hilo pamoja na kosa lake. Lugha hii ilikuwa na jina lake yenyewe kwa Kilimia kwa sababu mkulima alilihitaji. Hapa imeazima tu.

Mlipuko wa kwanza kutumiwa katika mabishano juu ya ukubwa wa ulimwengu ulitumiwa vibaya. Mwezi Agosti 1885 nyota ilitokea katikati ya wingu la mwanga liitwalo Andromeda, ikakaribia kuonekana kwa macho matupu. Wakati huo wataalamu hawakukubaliana kama mawingu ya namna ile yamo ndani ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, au ni galaksi nyingine zilizo peke yake huko nje. Swali hilo lilijadiliwa hadharani mjini Washington tarehe 26 Aprili 1920, kati ya Harlow Shapley na Heber Curtis. Shapley, aliyetetea kwamba ulimwengu wote ni galaksi moja, aliishika nyota ya 1885. Alisema kwamba kama Andromeda ingekuwa mbali kiasi kile Curtis anachodai, nyota hiyo moja ingepaswa kung'aa kupita kadiri ya nyota yoyote inayojulikana, na jambo hilo haliaminiki. Hesabu ya Shapley haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika taa: aliidhani kuwa nova ya kawaida, nayo ilikuwa kitu chenye nguvu mara maelfu. Curtis aliutaja uwezekano kwamba nyota mpya ni za aina mbili, ila hakuwa na ushahidi wa kutosha, na mjadala ukaisha bila mshindi.

Aliyeleta taa ya kuaminika hakuwamo katika ukumbi ule. Henrietta Leavitt alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na Chuo Kikuu cha Harvard, kwa ujira mdogo, kuhesabu nyota katika vioo vya picha. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan zinazong'aa na kufifia kwa zamu, kwamba ile yenye zamu ndefu ndiyo yenye mwanga mkali. Kwa kuwa nyota zote 25 ziko takriban umbali mmoja kutoka kwetu, tofauti ya mwanga wake haikuweza kuelezwa kwa umbali. Hivyo mtu akiisha kuhesabu siku za zamu, anaijua nguvu ya taa. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda kwa darubini kubwa ya Mount Wilson, na habari ikatangazwa tarehe 1 Januari 1925: Andromeda ni galaksi nyingine. Leo umbali wake hukadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Maana yake, nyota ya 1885 ilikuwa na nguvu ileile ambayo Shapley aliiona kuwa haiaminiki.

Habari za upanukaji wa ulimwengu zinajulikana zaidi, na hapa yatosha kuzigusa. Vesto Slipher alikuwa amekwisha kuchambua mwanga wa galaksi nyingi na kukuta mistari yake imesogea kuelekea rangi nyekundu, dalili ya kwamba zinatuacha. Mwaka 1927 padri Georges Lemaître wa Chuo Kikuu cha Louvain, chuo kilekile kilichoanzisha Lovanium karibu na Kinshasa mwaka 1954, alionyesha kwamba mwendo huo ni wa anga lenyewe linalopanuka. Aliandika kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache. Mwaka 1929 Hubble alitoa uhusiano huohuo kwa vipimo vyake, na sheria ikabeba jina lake peke yake hadi mwaka 2018, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipopendekeza iitwe sheria ya Hubble na Lemaître.

Hata taa ya Leavitt ilikuwa na mtego. Kwa vipimo vya Hubble, galaksi huongeza mwendo wa kilomita kama 500 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 ya umbali. Mtu akirudisha mwendo huo nyuma, hupata ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 2 tu, ilhali mawe ya dunia yalikwisha kujulikana kuwa ya kale zaidi. Mtoto alikuwa amemzidi mama yake umri. Aliyefumbua jambo hilo ni Walter Baade: mwaka 1952, mkutanoni Roma, alieleza kwamba nyota za zamu ni za aina mbili zenye nguvu tofauti, na kwamba zimechanganywa. Kwa siku moja umbali wa galaksi zote ukawa maradufu.

Ni Baade huyohuyo ambaye mwaka 1934, pamoja na Fritz Zwicky, alizitenga supanova na nova za kawaida. Zwicky akaanza kuzisaka huko Palomar, California, kwa darubini ndogo yenye kioo cha inchi 18 iliyoweza kupiga picha ya sehemu pana ya mbingu. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski alizigawa katika aina mbili kwa kuchambua mwanga wake. Aina ya kwanza ilifanana sana, moja kwa nyingine, na baadaye tawi lake liitwalo Ia ndilo lililochaguliwa kuwa taa. Sababu ya kufanana kwake ilikuwa imeandaliwa na kijana wa Kihindi, Subrahmanyan Chandrasekhar, aliyepiga hesabu mwaka 1930 akiwa melini kutoka India kwenda Uingereza. Alikuta kwamba nyota kibete nyeupe, yaani mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kuni zake, haiwezi kuhimili uzito unaozidi ule wa jua kwa mara 1.4 hivi. Kibete kinachonyonya maada kutoka kwa nyota mwenzake hukaribia mpaka huo, kisha hulipuka. Vitu vinavyolipuka karibu na uzito mmoja hutarajiwa kutoa mwanga unaokaribiana, ingawa namna hasa ya mlipuko ingali inajadiliwa.

Kutoka katika wazo hilo hadi katika kipimo ilikuwa safari ndefu. Supanova ya aina hiyo hutokea kwa nadra katika galaksi moja, hung'aa majuma machache, wala haitoi taarifa. Wanafalaki wa Denmark, wakifanya kazi huko La Silla, Chile, walisaka kwa miaka miwili na kupata supanova moja tu ya mbali iliyofaa kwa kazi hiyo, mwezi Agosti 1988. Nayo walipoipata ilikuwa imekwisha kupita kilele chake. Kushindwa kwao kulifundisha mengi: njia ilikuwa sahihi, mitambo ndiyo iliyokuwa haitoshi. Mwaka huohuo kundi la Saul Perlmutter lilianza kazi kama hiyo huko Berkeley. Mwaka 1994 lilizaliwa kundi la pili, lililoanzishwa na Brian Schmidt na Nicholas Suntzeff. Hila yao ilikuwa moja: kupiga picha ya maelfu ya galaksi mara mwezi uandamapo, kurudia picha hizo majuma matatu baadaye, na kutafuta kwa kompyuta nukta iliyoongezeka.

Lakini swali lililomkosesha Shapley lilikuwa lingali palepale. Je, supanova za aina Ia zinalingana kweli? Mrusi Yuri Pskovskii alidokeza mwaka 1977 kwamba kasi ya kufifia na nguvu ya mwanga vina uhusiano, ila vipimo vya wakati huo vilikuwa vya mashaka. Ili kujua, zilihitajika supanova nyingi za karibu, zilizopimwa vizuri, katika galaksi ambazo umbali wake waweza kukadiriwa kwa mwendo wake. Kazi hiyo ilifanyika Chile kati ya 1990 na 1993, na huitwa uchunguzi wa Calán/Tololo, kwa majina ya vilima viwili: Cerro Calán, penye kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Chile mjini Santiago, na Cerro Tololo, penye kituo cha Marekani huko kaskazini. Walioiongoza ni Mario Hamuy, José Maza, Mark Phillips na Suntzeff.

Inafaa kueleza jinsi ilivyofanyika. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika utawala wa kijeshi, ambao pia ulikuwa umeviweka vyuo vikuu chini ya wanajeshi. Chuo kilikuwa na watu wenye ujuzi. Maza alikuwa amekwisha kusaka supanova kwa miaka kadhaa katika kilima cha El Roble, kwa kamera iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti. Huko Tololo picha zilipigwa kwa vioo vya zamani, wakati wengine walikuwa wakihamia katika vyombo vya elektroniki, kwa sababu kioo kimoja kiliweza kushika sehemu kubwa ya mbingu. Vioo vilisafishwa palepale, vikapakiwa katika basi la abiria, vikasafiri usiku kwenda Santiago. Asubuhi watazamaji, miongoni mwao Marina Wischnjewsky na Roberto Antezana, waliweka kioo kipya na cha zamani katika chombo cha kulinganishia, wakabadilisha picha moja kwa nyingine mbele ya jicho mpaka nukta moja ilipopepesa. Habari ikarudi Tololo, na wageni waliokuwa na zamu ya darubini kubwa wakaombwa kutoa sehemu ya usiku wao ili nukta ile ipimwe. Wengi walikubali. Zilipatikana supanova takriban 50 kwa njia hiyo.

Mwaka 1993 Phillips alitoa makala fupi juu ya supanova 9 tu, akaonyesha kwamba zile zenye nguvu hufifia polepole na zile dhaifu hufifia haraka, hata mtu akipima upungufu wa mwanga katika siku 15 baada ya kilele aweza kuirekebisha taa. Mwaka 1996 Hamuy na wenzake walichapa vipimo kamili vya supanova 29 za aina Ia. Kuanzia hapo taa ilikuwa imepimwa nguvu, na baada ya masahihisho umbali uliweza kujulikana kwa kosa la asilimia chache.

Kilichofuata kinajulikana dunia nzima. Makundi mawili yaliyoshindana yalitaka kujua jinsi uvutano unavyopunguza mwendo wa upanukaji. Mwaka 1998 kundi la Schmidt, katika makala iliyoongozwa na Adam Riess, lilitangaza kwamba supanova 16 za mbali zilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba ziko mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15. Kundi la Perlmutter lilitoa jibu lilelile kwa supanova 42. Mwendo haukuwa unapungua, ulikuwa unaongezeka. Kisababishi kisichojulikana kikaitwa nishati ya giza, na kile kigezo ambacho Albert Einstein alikiingiza katika hesabu zake mwaka 1917, kisha akakitupa, kikaokotwa tena.

Jambo ambalo masimulizi mengi hulipita upesi ni kwamba supanova za mbali zilikuwa na maana kwa kulinganishwa na za karibu tu. Perlmutter na wenzake walizilinganisha zile 42 na supanova 18, na zote 18 zilitoka Calán/Tololo. Kundi la pili nalo lilizitumia, pamoja na nyingine zilizopimwa na watu wa Harvard. Washindani wawili walichota katika kisima kimoja. Phillips na Suntzeff walikuwamo miongoni mwa waandishi wa makala ya 1998. Hamuy na Maza hawakuwamo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2011 walipewa Perlmutter, Schmidt na Riess. Kanuni ya tuzo hiyo hairuhusu zaidi ya watu watatu, na hakuna awezaye kusema kwamba hao watatu hawakustahili. Chile iliwatunza watu wake kwa tuzo yake ya taifa ya sayansi, Maza mwaka 1999 na Hamuy mwaka 2015. Hata hivyo msomaji wa historia atatambua mpango uleule wa Harvard ya Leavitt: aipimaye taa hutajwa katika shukrani, aitumiaye hutajwa katika kichwa cha habari.

Ushahidi wa aina moja hautoshi kwa dai kubwa kama hilo. Vumbi katika galaksi za mbali lingeweza kuzififisha supanova; au milipuko ya kale huenda ni tofauti na ya sasa. Ilihitajika njia isiyotegemea taa kabisa, nayo ilitoka katika ramani za galaksi. Ramani hizo zilianza kwa subira: mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichapa kipande cha mbingu chenye galaksi 1,100 hivi, kila moja imepimwa peke yake, wakakuta galaksi hazikusambaa ovyo bali zimekaa juu ya kuta nyembamba zinazozunguka mapango matupu. Uchunguzi wa Australia wa 1997 hadi 2002 ulipima galaksi zipatazo 220,000, kwa kuwa nyuzi za kioo 400 ziliweza kupeleka mwanga wa galaksi 400 kwa mara moja. Huko New Mexico, uchunguzi wa Sloan ulitumia sahani za alumini zilizotobolewa matundu 640 kila moja, na mafundi wakachomeka nyuzi kwa mikono, tundu kwa tundu, mchana, ili usiku sahani iwe tayari.

Mwaka 2005 makundi hayo mawili yalitambua katika ramani zao umbali mmoja unaojirudia. Katika miaka 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulipokuwa moto na mzito, mawimbi ya sauti yalienea ndani yake, kisha yakaganda ulipopoa. Alama yake ni kwamba galaksi hupendelea kidogo kuachana kwa miaka ya nuru milioni 500 hivi. Kipimo hicho ni rula, si taa. Vumbi haliwezi kukifupisha. Nacho kilikubaliana na supanova.

Rula na taa vinapotumiwa pamoja, hata hivyo, udhaifu wa kimoja huingia katika jibu la vyote. Mwezi Machi 2025, wataalamu wa chombo kiitwacho DESI, chenye roboti 5,000 katika darubini ya Kitt Peak, Arizona, walitoa matokeo ya galaksi na kwasari zaidi ya milioni 14. Yalipounganishwa na mwanga wa kale wa ulimwengu na supanova, yalidokeza kwamba nishati ya giza haidumu katika nguvu moja bali inapungua. Nguvu ya dokezo hilo ilibadilika kulingana na orodha ya supanova iliyotumiwa. Orodha iliyolitia nguvu zaidi ilikuwa ile iliyokusanya supanova 1,635 za mbali kwa darubini ya mita 4 ya Cerro Tololo, zikalinganishwa na 194 za karibu zilizopimwa zamani kwa vyombo vingine. George Efstathiou wa Cambridge aliuliza kama za karibu na za mbali katika orodha hiyo zimewekwa kweli juu ya mizani moja, kwani tofauti ndogo sana ya mizani ingetosha kuzaa dokezo lote. Wenye orodha wakairudia kazi, na dokezo likapungua nguvu bila kutoweka.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, kundi jingine lilikuwa limerudi kwenye kilima cha Zwicky. Mwaka 2025 lilichapa vipimo vya supanova 3,628 za aina Ia, zote za karibu, zilizoonwa kati ya 2018 na 2020 kutoka Palomar kwa darubini ya inchi 48 iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1948.